UZI: Umenunua fleti ya kondominiamu iliyokarabatiwa, kazi imeachwa nusu. Uanzie wapi?

#1 Kipimo_Kwanza

Habari zenu wanajukwaa. Uzi huu ni wa walionunua fleti za zamani zilizokarabatiwa kisha zikauzwa kama mpya, iwe Bukoto, Bugolobi, Ntinda au Naalya, hapa Kampala na viunga vyake, Uganda. Funguo umekabidhiwa, vigae vinang'aa, halafu mvua za Machi zinaanza na rangi inabambuka. Soketi mbili za jikoni hazina umeme. Bafu linatuamisha maji. Muuzaji hapokei simu.

La kwanza: usipake rangi na usilete fundi wa kuziba nyufa. Rangi juu ya ukuta wenye maji ni funika kombe mwanaharamu apite, na zaidi ya hapo inafuta ushahidi wako. Doa la njano lililopigwa picha likiwa na rula pembeni lina thamani kuliko maneno yote utakayomwambia muuzaji.

Fleti iliyokarabatiwa haikaguliwi kama jengo jipya. Mara nyingi kilichobadilishwa ni kinachoonekana: vigae, makabati, dari ya jipsamu, taa. Kilicho nyuma yake, yaani mabomba, nyaya na skridi (tabaka la saruji chini ya vigae), hubaki cha zamani au hubadilishwa nusu, na kasoro hukaa pale kipya kinapoungana na cha zamani. Hapo ndipo pa kutafuta.

Utaratibu ninaoutetea: maji safi kwanza, maji taka ya pili, umeme wa tatu, kuta na bimu, madirisha, na rangi mwisho kabisa. Anayeanza na jikoni kwa sababu ndiko kunakomuudhi atavunja vigae vipya mara mbili.

Kukagua kunahitaji pimamaji ndefu (ya mita 1.2 ikipatikana), futi ya chuma, tochi, sarafu, chaki, tepu ya karatasi, jerikani mbili za lita 20, na kile kidude cha kupima soketi chenye taa tatu. Kila kasoro ipe namba, bandika tepu yenye namba hiyo ukutani, piga picha moja ya mbali inayoonyesha chumba na moja ya karibu yenye rula. Kwenye daftari andika namba, mahali, unachokiona na kipimo chake. "Ukuta mbaya" si maelezo. "Ukuta wa kaskazini wa chumba cha pili, sm 40 juu ya sakafu, plasta ikigongwa inalia wazi eneo la sm 60 kwa 30" ni maelezo. Nakala mpelekee muuzaji kwa barua, akusainie kuipokea. WhatsApp iwe nyongeza.

#2 Wakili_wa_Pembeni

Nakubaliana na Kipimo. Niongeze swali ambalo watu wanalisahau kwa kila namba kwenye daftari: kasoro hii ni ya nani? Kwenye kondominiamu majibu ni matatu: yako, ya muuzaji, au ya wamiliki wote kwa pamoja.

Sheria ya Mali za Kondominiamu ya 2001 inaigawa nyumba kuwa sehemu za watu binafsi na mali ya pamoja: ngazi, paa, misingi, mabomba makuu na kadhalika. Mali ya pamoja inasimamiwa na shirika la wamiliki, na kila mmoja anachangia kulingana na kiwango cha sehemu yake. Mpaka wa sehemu yako hauamuliwi kwa kukisia. Umo kwenye mpango wa kondominiamu uliosajiliwa kwa msajili wa hati. Chukua nakala ya mpango huo na ya sheria ndogo za shirika kabla hujabishana na mtu. Bomba la choo linaloshuka ghorofa zote halitatengenezwa kwa pesa yako peke yako kwa sababu tu linapita nyuma ya bafu lako.

Pili, kama ukarabati uliondoa ukuta au kuhamisha bafu, omba kibali cha ujenzi. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka kibali kutoka kamati ya majengo ya eneo husika, na kibali cha kukaa kabla watu hawajaingia. Muuzaji asiye na karatasi hizo anakuachia mzigo wa kuhalalisha kazi ambayo hukuifanya.

Tatu, mkataba. Mauzo ya nyumba bado yanaegemea kanuni kwamba mnunuzi ajihadhari, kwa hiyo ahadi ya mdomo ya kumalizia kazi ni nyepesi mno. Kama bado hujamaliza kulipa, orodha ya kasoro iambatanishwe kwenye mkataba, iwe na tarehe ya mwisho kwa kila kundi la kazi, na kiasi cha pesa kibaki kwa wakili hadi kazi ikaguliwe. Kama umeshalipa zote, andika barua ya madai, mpe siku 14 zinazohesabika, ambatanisha picha na ripoti ya mtaalamu asiye na upande. Dai lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo uliowekwa na kanuni za 2011. Umeundwa kwa ajili ya watu wanaojisimamia wenyewe. Zaidi ya hapo hadi milioni 50 ni mahakama ya hakimu mkuu. Dai la mkataba lina miaka 6, lakini usingoje. Plasta ikishakarabatiwa na mtu mwingine, muuzaji atasema wewe ndiye uliyeharibu.

#3 Nalongo_Naalya

Asante sana. Naomba tuingie kwenye maji, maana ndiko kwenye ugomvi. Tuseme dari ya fleti ya chini ina doa chini ya bafu. Muuzaji anasema ni bomba la jengo, shirika linasema ni bafu la mwenye fleti ya juu. Inajulikanaje bila kuvunja?

#4 Bomba_Mia_na_Kumi

Nnyabo, doa lenyewe linaanza kukuambia. Likiwa bichi usiku na mchana hata watu wa juu wakiwa safarini, shuku bomba la maji safi, maana lina presha saa zote. Likilowa baada ya choo au sinki kutumika, ni bomba la maji taka. Likilowa baada ya mtu kuoga tu, na sinki likitumika halibadiliki, ni sakafu ya bafu. Mwambie jirani aweke chaki kuzunguka doa na kuandika saa.

Kisha pima kwa zamu hii, na usiruke.

Maji safi. Funga bomba zote za fleti, funga na valvu ya tangi la choo. Soma mita. Kale kagurudumu kadogo au kapembetatu kwenye uso wa mita kakizunguka, kuna mahali maji yanatoka. Subiri saa mbili usome tena. Angalia tu kwamba mita unayosoma ni ya fleti yako: majengo mengi yana mita moja kubwa ya NWSC (shirika la maji) getini, halafu mita ndogo za ndani baada ya tangi la juu. Ukipata mashaka, fundi afunge pampu ya mkono ya kupimia, apandishe presha hadi bari 10, aache saa moja. Mabomba ya PPR (ya plastiki, yanayounganishwa kwa joto) yanatanuka kidogo mwanzoni, sindano itashuka kidogo. Irudishwe bari 10 kisha ndipo ihesabiwe. Baada ya hapo ikiendelea kushuka, kuna kiungo kibovu.

Viungo vya PPR vinaharibika kwa sababu mbili. Joto dogo, kiungo hakijashikana, kinaachia miezi kadhaa baadaye. Joto kubwa, plastiki inayeyukia ndani na kuziba njia, halafu unalalamika presha ndogo. Mashine ya kuunganishia iwe nyuzi joto 260. Bomba la mm 20 lipashwe sekunde 5 na liingie mm 14. La mm 25 sekunde 7 na mm 15. Kisha lisiguswe dakika 2. Fundi anayezungusha bomba wakati wa kuunganisha anakata weldi yake mwenyewe, mzuie.

Maji taka. Mwaga jerikani mbili za lita 20 kwa mkupuo kwenye kila sinki na kwenye trapu ya sakafuni (tundu la kutolea maji), mmoja akiwa chini anaangalia. Yakishuka polepole, bomba lina uchafu. Katika nyumba zilizokarabatiwa uchafu huo mara nyingi ni grauti na saruji ambayo mafundi waliiosha kwenye ndoo zao wakaimwaga chooni. Imeganda, dawa za kuzibua haziiyeyushi, inatolewa kwa waya wa kuzibulia wenye kichwa cha kukata au kwa kukata bomba. Kwa hiyo ukarabati wako ukianza, ziba kila trapu kwa kaveera (mfuko wa plastiki) na tepu tangu asubuhi ya kwanza.

Sakafu. Huu ndio mtihani wa kweli. Ziba trapu, weka kizingiti cha muda mlangoni, jaza maji yapate kina cha mm 25 hadi 30. Bafu la mita 1.8 kwa 2.4 linameza takriban lita 130, yaani jerikani sita na nusu. Weka alama ya penseli kwenye kigae usawa wa maji, uache saa 24. Milimita moja ni mvuke. Yakishuka zaidi na jirani akaona unyevu, kizuia maji hakipo au kimetobolewa. Tia rangi ya chakula kwenye maji, nyekundu ni nzuri. Ikitokea kwenye dari ya chini, ubishi umekwisha na picha unayo.

#5 Kipimo_Kwanza

Nalongo, majibu ya Bomba yaandikwe kwenye daftari na jirani wa chini asaini. Shirika la wamiliki likiona majaribio matatu yamefanywa kwa zamu, halina sababu ya kukataa bomba lake likibainika kuwa ndilo bovu.

#6 Ssebo_Vigae

Sasa bafu likishindwa mtihani wa maji, kuna watakaokuambia upake silikoni pembeni na rangi ya kuziba grauti juu. Haitoshi. Grauti ya saruji inanyonya maji siku zote na vigae si kizuia maji. Kazi ya kuzuia maji inafanywa chini ya vigae, kwa hiyo lazima sakafu ifunguliwe, pamoja na mstari wa kwanza wa vigae vya ukutani.

Kabla ya kufungua, pita na sarafu ukigonga kila kigae. Kinacholia wazi kitie alama ya chaki. Chanzo kikubwa cha vigae kulia wazi hapa kwetu ni vigae vya posileni kuwekwa kwa uji wa saruji mtupu. Posileni inanyonya maji asilimia 0.5 au chini ya hapo, uji wa saruji hauna pa kushika, unakauka na kuachia. Kingine ni ile gundi ya madonge matano nyuma ya kigae. Katikati ya madonge pana hewa, na maji yanatembea humo hadi chumba cha pili. Na la tatu ni vigae vipya juu ya vya zamani: sakafu inapanda, kizingiti kinapotea, mlango unakatwa chini hadi moyo wake unaonekana, na mteremko unaachwa kama ulivyokuwa.

Baada ya kutoa vyote hadi kwenye slabu (sakafu ya zege), piga skridi yenye mteremko wa sm 1 hadi 1.5 kwa kila mita kuelekea trapu. Kwa bafu la mita 2.4 hiyo ni tofauti ya sm 2.4 hadi 3.6 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwa hiyo hakikisha mwanzo kabisa kwamba trapu iko chini vya kutosha. Wengi wanaruka mteremko kwa sababu hii: trapu ya zamani iko juu na kuishusha ni kutindua slabu. Hapo kuna njia moja ya heshima, kuinua sakafu ya bafu na kuacha kizingiti. Slabu usiitindue bila mhandisi.

Kona zote za sakafu na ukuta zizungushwe kwa mwiko kidogo, kisha kanda ya nyuzi. Kizuia maji cha saruji kinapakwa mara mbili, ya pili ikikata ya kwanza kama msalaba, jumla unene wa mm 2 hivi. Ukutani kipande sm 30 pande zote, na mahali pa kuogea kifike mita 1.8. Kwa bafu letu la mfano hiyo ni sakafu mita za mraba 4.3, ukanda wa chini 2.5, na pembe ya kuogea 2.7 zaidi: mita 9.5 hivi. Kwa kilo 3.5 kwa kila mita unahitaji kilo 33. Fundi akikuomba kilo 10, amepanga kupaka rangi, hajapanga kuzuia maji. Kuzunguka shingo ya trapu paka mara tatu, hapo ndipo panapovuja kuliko kote.

Ikikauka, jaza maji tena saa 24 kabla ya kuweka kigae hata kimoja. Usikubali kuruka hatua hii hata fundi akinuna.

Vigae: sakafu na kuta hadi mita 2.1, ukitoa mlango, ni mita za mraba 20 na kidogo. Nunua 22 na nusu ili upate za kukata na akiba ya kabatini, kwa sababu rangi ya boksi la mwaka ujao haitalingana. Gundi ya kilo 25 inatosha mita 4 hadi 5 kwa mwiko wa meno ya mm 8 au 10, kwa hiyo mifuko 5. Grauti kilo 6. Kigae cha kwanza kikishabandikwa king'oe na kukigeuza: gundi iwe imeshika karibu mgongo wote. Pembeni, sakafu inapokutana na ukuta, usitie grauti. Acha mm 5 ujaze silikoni, kwa sababu sakafu na ukuta havitembei pamoja na grauti itapasuka hapo.

#7 Nalongo_Naalya

Na harufu? Bafu halivuji, ila mchana linanuka, na choo kikivutwa sinki linaguguma.

#8 Bomba_Mia_na_Kumi

Kuguguma ni trapu inanyonywa. Choo kikishusha maji kinavuta hewa, hewa isipopatikana kwenye bomba la kupumulia inavutwa kupitia sinki, na yale maji ya trapu yanayozuia harufu yanaondoka nayo. Chungulia na tochi: trapu ya sakafuni iwe na maji ya kina cha mm 50. Ikiwa tupu dakika chache baada ya kuvuta choo, jibu ni hilo.

Sababu za kawaida katika ukarabati ni mbili. Bomba la kupumulia lililokuwa linatoka juu ya paa limekatwa na kufunikwa na dari mpya, au sinki limehamishwa mbali na bomba bado ni dogo. Bomba la mm 32 la sinki la kunawia lisizidi mita 1.7 hadi bomba kuu, la mm 40 lisizidi mita 3. Ukizidi, ongeza ukubwa au weka valvu ya kuingiza hewa, juu ya usawa wa sinki, mahali panapofikika. Kama bomba la paa ndilo lililofunikwa, hiyo ni mali ya pamoja, rudi kwa Wakili hapo juu. Bafu la wageni lisilotumika nalo hukauka lenyewe; mwagia maji trapu yake kila wiki.

#9 Waya_Tatu

Upande wa umeme. Kazi zote ninazotaja za kufungua boksi afanye mwenye kibali cha ufungaji kutoka ERA (mamlaka ya udhibiti wa umeme), na akuachie karatasi ya vipimo. Wewe mwenyewe unaweza kufanya haya yasiyogusa waya.

Zima breka kuu. Angalia taa ya mita ya Yaka (ya kulipia kabla). Ikiendelea kupepesa, kuna mzigo wa mtu mwingine kwenye mita yako, mara nyingi taa za ngazi au pampu. Kisha washa, na jirani naye azime yake: mita zilizobadilishana kati ya fleti mbili ni kasoro ya kawaida sana kwenye majengo yaliyogawanywa upya. Hakikisha pia akaunti ya mita imehamishiwa jina lako kwa UEDCL, ambayo ndiyo imeshika usambazaji wa umeme tangu Aprili 2025, ujue kama kuna deni.

Bonyeza kitufe cha majaribio cha breka ya RCD (inayokata umeme ukivuja) ya mA 30. Isipokatika, au kama haipo kabisa, usiogee maji ya moto ya papo kwa papo hadi ifungwe. Pita kila soketi na kile kidude cha taa tatu. Ethi (waya wa ardhini) isiyounganishwa ndiyo inayoongoza kwa wingi. Soketi mpya, waya wa zamani wa nyaya mbili, na kidole cha tatu kinaning'inia bure.

Sasa kwa fundi mwenye kibali. Hita ya kuogea ya wati 5,500 kwa volti 240 inavuta ampea 23. Waya wa mm 2.5 (waya hupimwa kwa mm za mraba) ulioachwa na hita ndogo ya zamani utapata moto ndani ya plasta. Weka mm 4 na breka ya 25, au mm 6 na breka ya 32, na swichi ya nguzo mbili nje ya bafu. Taa ni mm 1.5 na breka ya 6 au 10. Soketi ni mm 2.5.

Soketi zina mtego ambao hata mafundi wazuri wanaupita. Fleti za zamani nyingi zilifungwa mzunguko wa pete: waya wa mm 2.5 unatoka kwenye boksi, unazunguka soketi zote, unarudi, na breka ni ya 32 kwa sababu umeme unafika kwa njia mbili. Wakarabati wanavunja ukuta wa jikoni, wanakata pete, wanaacha ncha mbili. Soketi zote bado zinawaka, hakuna anayegundua, lakini sasa waya mmoja unabeba mzigo wa nyaya mbili na breka ya 32 haitaukinga. Fundi atoe ncha mbili za laivu kwenye boksi na kupima kama zinaonana. Zisipoonana, ama pete iunganishwe upya, ama breka ishushwe hadi 20 na mzunguko ugawanywe.

Rangi za waya nazo: nyeusi ni nyutro kwenye nyaya za zamani, lakini kwenye rangi mpya nyeusi inaweza kuwa laivu. Jengo lenye zote mbili liandikwe kwenye kifuniko cha boksi, na kila kiungo kipimwe kabla ya kuguswa. Mwisho pima ukinzani wa ganda la waya kwa volti 500, kila mzunguko usishuke chini ya megaomu 1. Ukishuka, kuna msumari wa kabati umepita kwenye waya, au kiungo kimefukiwa kwenye plasta bila boksi.

#10 Mhandisi_Kololo

Kuhusu nyufa, si zote za kuogopa. Upana chini ya mm 0.3, umetapakaa kama utando, hiyo ni plasta iliyokauka haraka. Ufa ulionyooka wima kati ya nguzo na ukuta wa matofali, au mlalo chini ya bimu, ni vitu viwili vinavyotembea tofauti na hakukuwekwa wavu. Tindua plasta sm 15 kila upande, piga wavu wa mabati wa upana wa sm 30, lowesha, rusha uji wa saruji, kisha plasta ya saruji 1 kwa mchanga 4, umwagilie siku 7.

Ninaouogopa ni ule unaokwenda mshazari kutoka kona ya mlango au dirisha, mpana upande mmoja kuliko mwingine, na ule ulio juu ya mahali ukuta ulipoondolewa. Andika tarehe kwenye ncha zake kwa penseli, gundisha kipande chembamba cha kioo kati ya pande mbili. Kioo kikivunjika, ufa unaendelea. Hapo ita mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na shirika lijulishwe siku hiyo hiyo, kwa sababu bimu si yako peke yako.

Jikoni iliyofunguliwa kuungana na sebule ndiyo ya kwanza kuulizia. Majengo mengi yana fremu ya zege na matofali ni ya kujazia tu, lakini baadhi ya majengo ya zamani ya ghorofa chache yanabebwa na kuta zenyewe. Kujua kunahitaji ramani ya awali au kutindua kidogo juu ya ukuta uone kama kuna bimu.

Na mifereji ya mabomba iliyotinduliwa ukutani: ya wima isizidi theluthi moja ya unene wa tofali, ya mlalo isizidi sehemu moja ya sita. Ukuta wa sm 10 unaruhusu wima sm 3.3 na mlalo sm 1.6 tu. Bomba la mm 32 la mlalo haliingii humo bila kuukata ukuta. Mfereji kwenye bimu au nguzo haukubaliki hata kidogo, na ukiona nondo imekatwa usiifunike.

#11 Ssebo_Vigae

Madirisha kwa ufupi, maana mvua za Septemba zitayafichua. Mwagia maji kwa mpira kuanzia chini: kizingiti dakika 10, kisha pembeni, kisha juu. Ukianza juu hutajua ni wapi panapoingiza. Fremu za alumini za kuteleza zina matundu ya kutolea maji chini, na wapiga plasta huyaziba. Yazibue kwa waya kabla ya kununua silikoni. Kizingiti cha nje kiteremke kwenda nje na kiwe na mfereji mdogo chini yake wa kudondoshea matone.

#12 Nalongo_Naalya

La mwisho kutoka kwangu: fundi wa kumalizia analipwaje asitoweke? Na rangi inapakwa lini?

#13 Wakili_wa_Pembeni

Andikianeni. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba unaozidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi, na kwa kuwa pointi moja ni shilingi 20,000, hiyo ni 500,000 tu. Karibu kila kazi tuliyoitaja inapita hapo. Vifaa nunua mwenyewe, risiti ziandikwe jina lako, zitakuwa sehemu ya dai kwa muuzaji. Malipo ya kazi yafungwe kwenye majaribio, siku zisihesabiwe: sehemu baada ya presha ya bari 10, sehemu baada ya sakafu kukaa na maji saa 24, sehemu baada ya karatasi ya vipimo vya umeme. Asilimia 10 ibaki hadi msimu mmoja wa mvua upite.

#14 Kipimo_Kwanza

Na rangi, Nalongo: plasta mpya ya saruji hukauka takriban mm 1 kwa siku hali ya hewa ikiwa nzuri, kwa hiyo plasta ya mm 20 ipe wiki tatu, na kwa rangi ya mafuta ngoja siku 28. Wakati wa mvua ngoja zaidi. Usitegemee kiganja. Bandika kaveera isiyo na rangi ya sm 50 kwa 50 ukutani, tepu pande zote nne bila mwanya, uiache hadi kesho yake. Matone yakionekana ndani ya kaveera au ukuta ukiwa umebadilika rangi chini yake, bado. Pakiwa pakavu, kwangua chumvi nyeupe kwa brashi kavu bila kuiosha kwa maji, paka praima inayostahimili magadi, kisha rangi mara mbili. Ukuta uliokuwa na doa la bafu upime kaveera mara mbili, chini karibu na sakafu na juu karibu na dari, kwa sababu juu hutangulia kukauka na kudanganya.